Ahadi ya Katikati ya Bahari

Assalaamu alaykum warahmatullah, ndugu zangu katika imani. Wiki hii nimeirejea Surat Al-A'raf kuanzia aya ya 130, pale Mwenyezi Mungu anapotueleza namna alivyowatia watu wa Firauni katika miaka ya ukame na upungufu wa matunda, kisha akawapelekea tufani, nzige, chawa, vyura na damu. Kilichonishughulisha zaidi ni hali yao kila walipopata nafuu. Balaa likiwabana walimwendea Nabii Musa, amani iwe juu yake, wakamwahidi kuwa wataamini, na likishaondolewa wakaivunja ahadi. Wala hawakuwa na shaka, kwani Surat An-Naml, aya ya 14, inasema kuwa walizikanusha ishara kwa dhulma na kujitukuza, ilhali nafsi zao zina yakini nazo.

Sisi tunaovuka baina ya Unguja na Pemba tunaijua hali hiyo. Boti ikiingia mkondo wa Nungwi siku ya upepo mkali, kila mmoja humkumbuka Mola wake bila ya kukumbushwa. (Sisemi kuwa bahari ikichafuka ni adhabu kwa waliomo; Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa muumini aliyekufa maji ni shahidi.) Safari moja niliahidi, machozi yakinitoka, kwamba nikifika salama nitamrudishia ndugu yangu mikarafuu mitatu ya mpakani, ambayo tangu uhai wa baba yetu nilijua kuwa ni yake. Tulipofunga gati Mkoani bahari ilikuwa shwari, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshaanza kutafuta hoja za kubaki nayo.

Surat As-Sajda, aya ya 21, inatufahamisha kuwa adhabu ndogo hutangulia kubwa ili watu wapate kurejea, na hiyo kwangu ni rehema iliyo wazi. Firauni alirejea maji yalipokwisha kumfika, akasema ameamini, naye akajibiwa: "Sasa?"

Mikarafuu ile niliirudisha, lakini baada ya kuichuma msimu mmoja zaidi, na thamani ya karafuu hizo, nilizozichuma na kuzianika nikiwa najua, bado namlipa ndugu yangu kidogo kidogo.