Nilivyokizuia Kiingereza changu cha kuandika kisinitoroke

Kila niliyemweleza kwamba Kiingereza changu cha kuandika kinapungua alinipa dawa ile ile: soma sana. Soma magazeti, soma riwaya, sikiliza taarifa ya habari, tazama filamu, kitarudi chenyewe. Nikasoma. Nilisoma mwaka mzima na ushei. Kisha kijana mmoja ninayemthamini akaniomba nimwandikie barua ya kumuunga mkono katika maombi yake ya masomo. Kurasa moja na nusu tu. Nilikaa mbele ya kompyuta tangu jioni hadi karibu saa sita usiku, nikaamka na sentensi nne. Zote nne zilikuwa zile zile tulizokaririshwa darasani, zisizomhusu kijana yule hata kidogo. Usiku ule niliumia, maana nilikuwa na mengi ya kumsemea na nilishindwa kuyasema.

Hapo ndipo nilipoanza kukasirikia ule ushauri wa kusoma. Kusoma ni kuzuri na bado nasoma, lakini ukisoma, neno hukujia lenyewe nawe unalitambua tu. Ukiandika, inabidi uliite wewe, na neno lisiloitwa muda mrefu haliitiki. Nilikuwa nimekutana na "despite" pengine mara elfu vitabuni bila kukwama hata siku moja, lakini mkono wangu uliandika "despite of", kwa sababu kichwani kulikuwa na "licha ya", na ile "ya" ilidai nafasi yake. Hakuna kitabu kilichoweza kunikamata kwenye kosa hilo. Kitabu hakisomi ninachoandika mimi.

Nilianza na shajara. Ukurasa mmoja kila usiku, kwa Kiingereza, bila kukosa. Nilidumu kama miezi mitatu, na kwa nidhamu ile nilistahili matunda zaidi ya niliyoyapata. Niliporudi kuzisoma zile kurasa niliona nimekuwa nikizunguka mahali pamoja. Kwenye shajara unaandika unachokiweza. Jambo likiwa gumu kulisema unaliruka, na hakuna wa kukuuliza. Karibu kila ukurasa ulikuwa na "I was very tired" na "it was a good day". Hakuna mahali nilipobishana na mtu, wala kueleza sababu, wala kulinganisha mambo mawili. Na makosa niliyoanza nayo mwezi wa kwanza niliyakuta mwezi wa tatu yakiwa yameshaota mizizi, kwa kuwa nilikuwa nimeyarudia kila usiku kwa mkono wangu mwenyewe.

Halafu nikahamia kwenye programu ya kusahihisha. Inapiga mstari mwekundu, nabonyeza, mstari unapotea, naendelea. Kesho yake nafanya kosa lile lile, mstari unarudi, nabonyeza tena. Ilikuwa inasafisha barua zangu bila kunifundisha chochote. Tena kuna aina ya makosa ambayo programu ile ilikuwa inayapitisha, na ndiyo yaliyokuja kunifungua macho. Nitafika huko.

Kilichonisaidia nilikipata kwa Benjamin Franklin, mwandishi na mmoja wa waasisi wa taifa la Marekani. Alipokuwa kijana Boston, mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji cha kaka yake, alipata juzuu ya The Spectator, jarida la insha lililokuwa likitoka London, akapenda namna lilivyoandikwa. Mwenyewe ameeleza katika habari za maisha yake kwamba alikuwa akichukua insha, anaandika dokezo fupi la kila wazo, anaviweka kando siku kadhaa, kisha anajaribu kuijenga upya insha kwa maneno yake bila kutazama. Akimaliza analinganisha na ile ya asili na kurekebisha alipokosea. Wakati mwingine aligeuza hadithi kuwa mashairi, na akishayasahau maneno ya asili anairudisha tena kuwa nathari.

Franklin alikuwa akifanya hivyo katika lugha aliyozaliwa nayo. Mimi niliongeza ukuta katikati, na ukuta huo ni Kiswahili. Nachagua aya moja ya Kiingereza, mistari minane hadi kumi, kutoka kwenye maandishi ya aina ninayotaka kuyaweza: barua, maelezo, hoja. Naitafsiri kwa Kiswahili kilichonyooka. Aya ya Kiingereza naitia kwenye bahasha na kuifunga. Baada ya siku kadhaa nachukua Kiswahili changu na kukirudisha Kiingereza, kwa kalamu, bila kamusi. Nikimaliza nafungua bahasha.

Mwanzoni nilisubiri siku tatu tu na nikadhani nimekuwa bingwa. Kumbe nilikuwa nakumbuka. Siku hizi nasubiri siku kumi, na zikifika wiki mbili ndiyo bora zaidi. Jambo jingine nililolijua kwa kuchelewa: kile Kiswahili lazima kiwe Kiswahili hasa. Ukitafsiri neno kwa neno, Kiingereza kinachungulia katikati ya sentensi na unajionesha jibu. Inabidi uandike kama unayemsimulia mtu asiyejua Kiingereza kabisa. Kazi hiyo pekee inachukua zaidi ya nusu ya muda wangu, na sioni kama nimeupoteza.

Sasa nieleze siku ya "amelala". Aya niliyokuwa nayo ilikuwa na sentensi fupi: "The child is asleep." Wiki moja nyuma nilikuwa nimeitafsiri, bila hata kusita, "Mtoto amelala." Siku ya kurudisha niliandika, tena kwa uhakika wote, "The child has slept." Nikafungua bahasha. Nikaitazama ile "is asleep" muda mrefu. Kwa Kiingereza, sentensi yangu inaonyesha mtoto ambaye usingizi wake umekwisha. Ya asili inaonyesha mtoto aliye usingizini sasa hivi, na watu wanatembea kwa kunyata. Nimeandika kinyume, na hakuna mstari mwekundu ambao ungenionya, maana sarufi ya sentensi yangu haina kasoro yoyote.

Nikaanza kujiuliza ni mara ngapi nimefanya hivyo. Nikatoa daftari na kuandika: amesimama, amekaa, amevaa, amechoka, ameshika, amebeba, amelewa, amejificha. Kwa Kiswahili, ile "-me-" kwenye vitenzi kama hivi inatupa hali aliyo nayo mtu sasa, iliyotokana na jambo lililokwisha kutendeka. Amevaa koti, koti liko mwilini. Lakini shuleni tulifundishwa kwa mkato kwamba "-me-" ni "has", basi, tukaondoka na hiyo. "He has worn a coat" si "he is wearing a coat". "She has stood near the door" si "she is standing near the door". Nilipekua barua zangu za zamani na kuyakuta humo, zaidi ya moja. Mtu aliyezisoma alielewa vingine na hakuniambia, pengine kwa heshima.

Siku hiyo nilijua nimepata njia yangu. Aya ile moja ilinifundisha kitu ambacho miaka ya darasani na mwaka wa kusoma magazeti havikunifundisha, kwa sababu ilinionyesha mahali hasa ambapo Kiswahili changu kinaushika mkono wangu.

Yakafuata mengine. Ile "-ka-" ya masimulizi, akaingia, akakaa, akauliza, kwangu ilitoka "and he entered and he sat and he asked", mnyororo usiokatika. Kwenye aya za asili niliona mwandishi anakata, anaweka nukta, anaanza upya. Na "yeye" wetu, ambaye ni mume na ni mke: "alimpa kitabu chake" niliirudisha "he gave him his book", kumbe mtoaji ni mwanamke. Sasa kila ninapoandika barua yenye watu wawili nasoma mara moja zaidi kwa ajili ya "he" na "she" tu, sitazami kingine.

"A" na "the" ndizo zilizonisumbua kuliko vyote, na ningedanganya nikisema nimezimaliza. Kiswahili hakina vineno hivyo, kwa hiyo sikio haliniambii kitu vinapokosekana. Ninachofanya ni kusimama kwenye kila nomino na kuuliza "kipi?" Msomaji akiwa anaweza kujibu, kwa sababu nimeshakitaja au kwa sababu kiko kimoja tu pale, naweka "the". Akiwa hawezi, na kitu ni kimoja chenye kuhesabika, naweka "a". Kiswahili chenyewe kinanisaidia nikikisikiliza vizuri: tunasema "alikuja mtu mmoja", halafu "mtu yule akasema". Ule "mmoja" na ule "yule" wako karibu sana na vineno hivi. Sikuambiwa hivyo na mtu, niliviona mwenyewe nikilinganisha karatasi mbili mezani.

Nimesema "chenye kuhesabika", na hapo kamusi ndiyo mwalimu. Lakini isiwe kamusi yoyote. Nunua au azima kamusi ya wanaojifunza, ile inayoonyesha tabia ya neno pamoja na maana yake. Mwingereza A. S. Hornby alifundisha Kiingereza Japani, na kamusi aliyoiandaa na wenzake ilitoka huko mwaka 1942, ikalengwa kwa watu kama sisi, wasiozaliwa na lugha hiyo. Mwaka 1948 Oxford wakaitoa, na matoleo yake yanaendelea hadi leo. Kwenye kamusi za namna hii, mbele ya nomino utakuta herufi C ikiwa inahesabika na U ikiwa haihesabiki. Miaka mingi nilizipita herufi hizo kama vumbi la karatasi. Kumbe ndizo zingeniokoa na "equipments", "informations", "advices", "researches". Sisi tuna kifaa na vifaa, mzigo na mizigo, kwa hiyo mkono unatafuta "s" ya wingi. Kiingereza kinakataa: "equipment" hata vikiwa vifaa mia.

Kila kosa ninalolikuta nalitengenezea kadi. Mbele sentensi ya Kiswahili, nyuma ile ya Kiingereza. Sentensi nzima, neno pekee halifai. Nazipanga kwa utaratibu wa Mjerumani Sebastian Leitner, aliouchapisha mwaka 1972: visanduku kadhaa, kadi unayoipata inasogea mbele na kurudiwa kwa nadra, unayoikosa inarudi kisanduku cha kwanza na kurudiwa kila siku.

Kuna waliosema nimechelewa, kwamba lugha huingia utotoni na baada ya hapo ni kubahatisha. Maneno hayo huvunja watu moyo bure. Mwandishi wa riwaya Joseph Conrad alizaliwa mwaka 1857, lugha yake ya kwanza Kipolandi, ya pili Kifaransa, na Kiingereza alikianza akiwa kijana wa zaidi ya miaka 20, baharini katika kazi ya ubaharia. Riwaya yake ya kwanza, kwa Kiingereza, ilitoka mwaka 1895. Mpaka mwisho wa maisha yake aliongea kwa lafudhi nzito ya kigeni. Ulimi ulibaki kule, mkono ukafika. Tangu nilipolijua hilo sijawahi tena kumjibu mtu kuhusu umri.

Mara moja kila wiki mbili, au tatu nikizidiwa, naandika huku saa ikinihesabia. Nimechukua kipimo cha kazi ya pili ya kuandika katika IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, maneno yasiyopungua 250 kwa dakika 40, ingawa sina mpango wa kuufanya. Bila saa naweza kupamba sentensi moja hadi kesho.

Na unahitaji jicho la mtu. Mimi nilimwomba mfanyakazi mwenzangu, mkubwa wangu kidogo, anayeandika vizuri sana.

"Dada, naomba usinisahihishie. Weka alama tu pale ulipojikwaa."

"Nisikwambie hata kosa ni lipi?"

"Usiniambie. Nitalitafuta mwenyewe."

Alicheka, lakini akakubali. Karatasi ya kwanza ilirudi na alama kumi na saba. Chini yake ameandika: "Mdogo wangu, aya ya pili sijui nani kamwambia nani." Nilizitafuta zote kumi na saba, na mbili zilinichukua jioni nzima. Zile mbili sijazirudia tena.

Mwezi uliopita kijana mwingine aliniomba barua. Niliandika kwa muda wa saa moja hivi, pengine na robo. Nilieleza jinsi alivyobaki na kazi ambayo wenzake waliikimbia, nikaeleza kwa nini jambo hilo lina uzito, nikakubali udhaifu wake mmoja na kuonyesha anavyoushughulikia. Yote niliyotaka kusema yamo. Nikampelekea dada kabla ya kuituma, na ikarudi ikiwa na alama moja tu, kwenye "the patience". Nikajiuliza: ipi? Sijaitaja popote kabla, na haihesabiki. Nikafuta "the", nikatuma barua, nikaandika kadi na kuitia kisanduku cha kwanza.