Nilivyoifichua Ruta Iliyokuwa Ikigawa Anwani za IP Shuleni Kwetu

Kwa majuma kadhaa mtandao wa chumba cha kompyuta katika shule ninayofundisha, hapa Morogoro, ulikuwa ukikubali kwenye baadhi ya mashine na kugoma kwenye nyingine, na kilichowachosha watu zaidi ni kwamba mashine iliyogoma asubuhi iliweza kukubali mchana bila kuguswa na mtu yeyote. Ushauri haukukosekana. Kuna aliyesema mashine zote zipigwe Windows upya, na kuna aliyetaka tununue ruta mpya (kifaa cha kuunganisha mtandao wetu na intaneti) ya laki mbili na ushee. Fundi tuliyemlipa alizipa kompyuta zote anwani za IP (namba za kuzitambulisha mtandaoni) za kudumu kwa mkono, moja baada ya nyingine, kuanzia 192.168.1.10, kisha akaaga.

Kazi ya fundi huyo ilidumu siku chache tu, na haikuwa na namna ya kudumu zaidi. Ruta yetu ilikuwa imepangiwa kugawa anwani hizohizo, kuanzia 192.168.1.2 hadi 192.168.1.254, kwa kila simu na kompyuta mpakato iliyoingia mtandaoni, wala haikuwa na taarifa kwamba baadhi yake zimekwisha kuandikwa kwa mkono kwenye mashine za wanafunzi. Simu ya mwalimu ikawa inapewa anwani ambayo tayari ilikuwa na mwenyewe, na maonyo ya mgongano wa anwani yakaanza kujitokeza kwenye vioo katikati ya kipindi. Nilizirudisha mashine zote kwenye hali ya kupewa anwani na mtandao, nikaamua kwamba sitalipa tena shilingi hata moja kabla sijaelewa anwani hizo zinatoka wapi.

Kompyuta inapojiunga na mtandao kwa mara ya kwanza haina anwani, kwa hiyo hutuma tangazo kwa vifaa vyote vilivyo kwenye mtandao huo, mtumaji akiandikwa 0.0.0.0 na mpokeaji 255.255.255.255, ikiuliza ni nani awezaye kuipatia. Seva ya DHCP, yaani mgawaji wa anwani, ambayo katika shule na ofisi ndogo kwa kawaida imo ndani ya ruta, hupendekeza anwani, kompyuta huiomba rasmi anwani hiyo, seva huthibitisha. Pamoja nayo huja anwani ya lango la kutokea kwenda intaneti na ile ya seva ya DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Anwani hukopeshwa kwa muda, kama chumba cha gesti, na nusu ya muda ikipita kompyuta huomba iongezewe. Asipojibu yeyote, Windows hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254, na ukiiona hiyo usiishuku Windows, bali kagua waya, swichi (kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao) na ruta.

Jambo ambalo hakuna mshauri hata mmoja aliyelitaja ni kwamba utaratibu huu, ambao maelezo yake yanayotumika mpaka leo yalichapishwa mwaka 1997 katika waraka wa kanuni za intaneti uitwao RFC 2131, haumtaki anayejibu aonyeshe kibali. Kifaa chochote kilichowashiwa kazi ya kugawa anwani kinaweza kuitikia tangazo lile, na kwa kawaida kompyuta hupokea pendekezo lililotangulia kufika.

Hapo ndipo nilipoandika ipconfig /all, amri inayoonyesha mipangilio ya mtandao, kwenye mashine iliyokubali na kwenye iliyogoma. Ya kwanza ilitaja seva ya DHCP kuwa 192.168.1.1, ambayo ndiyo ruta yetu. Ya pili ilikuwa na anwani 192.168.0.103, na seva pamoja na lango vyote vilikuwa 192.168.0.1, kifaa ambacho hakikuwamo katika orodha ya vifaa vya shule. Nikaandika arp -a, nikapata anwani ya MAC ya kifaa hicho, yaani namba ya kutambulisha kadi yake ya mtandao; jozi tatu za mwanzo hutambulisha mtengenezaji, na huyu hakuwa mtengenezaji wa ruta yetu.

Kukitafuta kifaa chenyewe hakukuhitaji chombo chochote cha kununua. Niliianzisha ping -t 192.168.0.1, amri inayokibishia hodi kifaa hicho mfululizo, kwenye mashine iliyogoma, nikamketisha mwanafunzi mbele yake, nami nikasimama kwenye swichi nikichomoa waya mmojammoja, nikisubiri kidogo, kisha nikiurudisha. Waya wa mashine inayopima usiguswe, la sivyo utadanganyika. Safu ya kwanza iliisha bila dalili. Katikati ya safu ya pili nikasikia, "Mwalimu, imekatika!" Nikauchomeka tena, majibu yakarudi; nikauchomoa, yakakatika. Tuliufuata waya huo juu ya dari hadi chumba cha walimu, na nyuma ya kabati tukaikuta ruta ndogo iliyowekwa ili simu zipate Wi-Fi, waya wa shule ukiwa umechomekwa kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani) badala ya lile la kupokelea intaneti, nayo ikigawa anwani kwa jengo zima ilhali yenyewe haina njia ya kuzifikisha mashine kwenye intaneti.

Sikuiondoa, kwa sababu walimu wanaihitaji. Niliizima kazi yake ya DHCP, nikaipa anwani 192.168.1.2, na waya nikauacha kwenye tundu lilelile la LAN, ikawa kituo cha Wi-Fi tu. Kwenye ruta kubwa nikapunguza ugawaji uanzie 192.168.1.50 na kuishia 192.168.1.240, na printa nikaitengea 192.168.1.60 kwa kuifunga na MAC yake.