Mdogo wako anapogoma kwenda shule

Jumapili, usiku.

Tumbo la kidato cha kwanza lina ratiba yake. Linaanza Jumapili jioni, alfajiri linamkunja, na ikifika saa 4 asubuhi mwenye tumbo anaulizia chai. Nyumbani wanamwita mwongo. Lakini hofu huuma tumbo kweli. Likimuuma hata Jumamosi na wakati wa likizo, huyo apelekwe zahanati.

Ukimuuliza "kwa nini hutaki shule?" utajibiwa "basi tu". Mpe ratiba ya vipindi, mpitie siku nzima pamoja: daladala, getini, mstarini, kila somo, mapumziko. Akifika panapomkera, atanyamaza au ataruka haraka.

Kisha omba madaftari, uangalie tarehe ya mwisho ya kila somo. Kama Biolojia na Jiografia zimekatikia njiani huku Kiswahili kimejaa, kinachomshinda ni lugha. Shule ya msingi ya serikali alisoma kwa Kiswahili miaka 7, sasa anaambiwa kila kitu kwa Kiingereza, na anayekosea anachekwa. Hapo chagua masomo mawili tu, nusu saa kila jioni, maneno kumi ya mada kwa lugha zote mbili, ayasome kwa sauti. Masomo yote kwa mpigo yatamrudisha kitandani.

Madaftari yote yakiishia siku moja, kuna jambo lilitokea siku hiyo: kipigo, kuonewa, kudaiwa mchango mbele ya darasa, au hedhi iliyomkuta bila taulo. Kuhusu viboko, kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi tu, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Mzazi akiulizia hicho kitabu kwa upole, mazungumzo hubadilika. Mtoto akitaja kuguswa au kutongozwa na mtu mzima, msiishie ofisini kwa mwalimu: pigeni 116, simu ya watoto, ni bure.

Usimwandikie mwalimu kwamba anaumwa. Ataombwa cheti cha hospitali, na uongo utakuwa kesi ya pili. Wewe ni kaka au dada tu. Wa kwenda shuleni ni mzazi au mlezi, amwone mwalimu wa darasa au wa malezi kabla mtoto hajarudi, wakubaliane asiadhibiwe mstarini kwa siku alizokosa.

Siku anazobaki nyumbani, simu na televisheni zisubiri hadi saa ya kutoka shule. Wala asitumwe dukani kuuza. Akionja hela, shule itakuwa na mshindani mkali.

Arudi Alhamisi, siyo Jumatatu: siku mbili zinavumilika. Msindikize hadi getini, mfike mapema, kengele haijalia. Na usiache kumsindikiza baada ya wiki ya kwanza. Jumatatu ya pili ndipo wengi hulala tena, kwa sababu nyumbani wameshaona yamekwisha.