Mkataba wa ulinzi: soma ibara kabla ya kubishana

Kijiweni hapa Kigoma ubishi huu hauishi, hasa redio ikitaja NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, au mashariki ya Kongo: muungano wa kijeshi unalinda au unachokoza? Mimi naangalia ibara zilivyoandikwa, halafu naangalia muda unaopita kati ya ahadi na sahihi. Hapo kwenye muda ndipo watu wengi wanapoumia.

Tuanze na 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Austria ilitangaza vita dhidi ya Serbia tarehe 28 Julai, na kufikia Agosti 4 Ujerumani, Urusi, Ufaransa na Uingereza zote zimo vitani. Wengi huishia hapo wakasema mikataba ndiyo iliyoleta balaa. Mbona Italia, iliyofungamana na Ujerumani na Austria tangu 1882, ilikaa pembeni? Ilidai mkataba ulikuwa wa kujihami, na Austria ndiyo iliyoanza. Mei 1915 ikaingia vitani upande wa pili. Ubelgiji nayo haikuwa na muungano wowote. Ilikuwa na dhamana ya 1839 tu, kwamba haitaegemea upande, na Prussia, dola iliyokuja kuunda Ujerumani, ilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi. Ikavamiwa na Wajerumani vilevile.

Hata Mkataba wa Berlin wa 1885, ulioruhusu bonde la Kongo likae nje ya vita, haukufua dafu. Agosti 22, 1914, meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ilishambulia ng'ambo ya ziwa letu Tanganyika, upande wa Kongo ya Wabelgiji. Wabelgiji walijibu kwa kuingia Kigoma Julai 28, 1916, miaka miwili kamili baada ya tangazo la Austria, na Tabora Septemba 19. Siku mbili kabla Kigoma haijaanguka, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Goetzen, ndiyo Liemba yetu, baada ya kuipaka mitambo grisi isiliwe na kutu. Hiyo grisi ndiyo kazi safi kuliko zote katika vita ile.

Ukishika mkataba, tafuta kwanza neno la wajibu. Ibara ya 5 ya NATO haimlazimishi mwanachama kupeleka askari. Inamtaka achukue hatua anayoona inahitajika. Kisha tafuta mipaka ya eneo. Ibara ya 6 inaishia Tropiki ya Kansa, mstari wa ramani unaopita Sahara, kwa hiyo Argentina ilipoteka Falkland, visiwa vya Uingereza vilivyo mbali kusini ya mstari huo, mwaka 1982, ibara ya 5 haikuhusika. Mkataba wa ulinzi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, uliosainiwa Dar es Salaam mwaka 2003 nao unaacha kila nchi ishiriki kwa namna inayoona inafaa, na hatua ya pamoja inasubiri idhini ya wakuu wa nchi. Ulegevu huo unazuia mwanachama mkorofi asiwaburuze wenzake vitani. Ila adui naye anausoma.

Sasa ule muda. Aprili 2008, huko Bucharest, NATO ilitamka kwamba Georgia na Ukraine zitakuwa wanachama, bila kutaja tarehe wala kuzipa ulinzi wowote. Agosti mwaka huohuo Urusi ikaingia Georgia kwa vifaru. Moscow ilikuwa imepewa sababu ya kukasirika na nafasi ya kupiga, vyote kwa mkupuo. Finland ilienda kwa akili zaidi: ilipoomba uanachama Mei 2022, Uingereza ilikuwa tayari imeiahidi msaada kwa kipindi cha kusubiri. Aprili 4, 2023 ikaingia, na mpaka wake na Urusi, kilomita zaidi ya 1,300, haukuvukwa. Urusi ilijibu kwa kupanga upya majeshi yake upande ule. Kuchokozeka ilichokozeka, kushambulia haikushambulia.

Kwa Kongo, tatizo lilikuwa jumuiya mbili, ya Afrika Mashariki na SADC. Kikosi cha Afrika Mashariki kiliondoka Desemba 2023 baada ya Kinshasa kukichoka kwa kutopigana na waasi wa M23. SADC ikaleta Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Rwanda, isiyo mwanachama wa SADC, ilipinga waziwazi. Kwake hicho kilikuwa kikosi cha upande mmoja. Na kikosi chenyewe hakikufikia idadi iliyopangwa, wala hakikuwa na ndege za kutosha. Mji wa Goma ulipoanguka mikononi mwa M23 Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa na askari wakabaki wamezingirwa. Machi 13 SADC ikafuta kazi hiyo, na mwishoni mwa Aprili msafara wa kwanza ukaanza kutoka kwa barabara, kupitia Rwanda hadi Chato.