Kusi la huku, kusi la huko

"Kwenu." Tangu Jumapili neno hili halinitoki.

Mnajua Jumapili ndiyo siku ya kumpigia Mama. Nikamchezea ule wimbo anaoupenda kizee wangu wa chumba cha mwisho, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi: Kathleen Ferrier, "Blow the Wind Southerly", wa 1949. Hamna piano, hamna chochote, sauti yake tu, nzito, imetulia kama maji ya mtungi. Wimbo ni wa pwani ya kaskazini-mashariki mwa Uingereza, lakini yeye ni mtoto wa Lancashire, na kabla ya kuwa mwimbaji alikuwa akiwaunganishia watu simu hapa hapa Blackburn.

Mama kasikiliza mpaka mwisho. "Anasemaje?"

"Anaomba kusi livume, limletee mpenzi wake. Kaambiwa vyombo vimeonekana, kakimbilia pwani, chake hakukiona."

"Kusi?" Akacheka. "Kusi halileti mtu, mwanangu. Kusi lachukua. Mwambie aombe kaskazi."

Na kweli, babu alikuwa baharia wa majahazi ya Sur, kule Omani: kaskazi likimleta Unguja, kusi likimwondoa. Bibi akihesabu miaka yake hivyo. Sasa mimi na ujuaji wangu:

"Kusi la huku kwetu jengine, Mama."

"Haya. La huko kwenu."

Akaniuliza habari za baridi, tukaagana.

Jumanne nimefaulu mtihani wa leseni, Alhamisi mzee wa chumba namba nne katuaga, na mimi bado niko na "kwenu". Alikuwa akinitania? Ile "haya" aliivuta kidogo, au simu tu?

Jana zamu ya usiku kizee akaomba nimwekee tena. Midomo yake ikifuata maneno. Ferrier alifariki 1953, ana miaka 41 tu, lakini yeye humtaja kama jirani aliyehama juzi. Nikamwambia, kwetu kusi ndilo linalowaondoa wanaume. Akafikiri.

"Sasa nyinyi mnaimba nini?"

Nilicheka mpaka chai ikamwagikia shuka. Ndiyo kwanza nikajisikia: Jumapili kwetu ilikuwa Blackburn, Ijumaa kwetu imesharudi Unguja. Na la kwanza nililitoa mimi, si Mama.

Nilitaka nimpigie leo, nisingoje kesho. Ila mashine ya kufulia imeanza tena kuvuja, zulia la mwenye nyumba limelowa mpaka mlangoni, na Jumatatu anakuja kukagua.