Kijerumani nimejifunzia mlangoni

Kila niliyemwambia kwamba nataka kujifunza Kijerumani alikuwa na ushauri, na karibu wote walirudia uleule: tenga saa moja kila siku, amka mapema, kaa mezani na kitabu. Wengine wakaongeza kwamba bila kwenda kuishi Ujerumani najisumbua bure. Ushauri huu umenichosha, na kila siku naona watu wakikata tamaa kwa sababu yake. Leo nimefaulu mtihani wa B1, yaani ngazi ya kati ya Kijerumani, sehemu zote nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na Ujerumani sijawahi kukanyaga.

Ile saa moja niliijaribu miezi mitatu mizima. Nilitega kengele ya simu saa kumi na moja alfajiri, nikakaa na kitabu kinene cha sarufi, macho mazito, nikikariri majedwali ya der, die, das, vile vineno vinavyotangulia jina la kitu kuonyesha jinsia yake. Nikiugua, saa imepotea. Kazi ikizidi, saa imepotea. Na kila siku niliyoiruka ilinitia woga wa kesho yake, maana nilijiona nina deni. Mwisho wake majedwali niliyajua kwa moyo, lakini ungenipa kijiko mkononi ukaniuliza kinaitwaje kwa Kijerumani, ningebaki nakutazama.

Nikahamia kwenye ushauri mwingine mashuhuri: vikaratasi. Nilibandika nyumba nzima. Mlango, die Tür. Kioo, der Spiegel. Dirisha, das Fenster. Juma la kwanza lilikuwa raha tupu, napita nasoma. Juma la pili macho yakaanza kuzoea. La tatu nilikuwa napita mbele ya kioo bila hata kukumbuka kwamba kuna maandishi. Nilivitafakari sana vikaratasi vile kabla ya kugundua kasoro yao: vilikuwa vinanipa jibu kabla sijaulizwa. Akili haikuwa na kazi ya kufanya, basi ikaacha kuvitazama.

Nikavibandua vyote. Nikabakiza kimoja tu, cha mlangoni, nikakigeuza na kuandika swali: Hast du den Schlüssel? Una ufunguo? Nikajiwekea sharti kwamba sitoki nje kabla sijajibu kwa sauti.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika, na naomba mniruhusu nieleze kwa kituo. Ufunguo ni der Schlüssel. Lakini ukiwa nao, ule ufunguo ukawa ndio unaotendwa, der inageuka den: Ja, ich habe den Schlüssel. Kitabu kililieleza jambo hili kurasa na kurasa. Mlango ulinifundisha kwa siku nne. Kisha nikaongeza sentensi. Mfuko ni die Tasche. Nikiutia ufunguo mfukoni nasema: Ich stecke den Schlüssel in die Tasche. Ukishatulia humo nasema: Der Schlüssel ist in der Tasche. Kwetu sisi “mfukoni” inatosha kwa yote mawili, ufunguo unaoingia na ufunguo uliomo. Mjerumani anatenganisha kinachokwenda na kilichotulia, na tofauti yote imebebwa na kale kaneno kadogo, die au der. Hili ndilo linalowatoa watu jasho darasani. Mimi nimelitamka kila asubuhi mkono ukiwa mfukoni, chuma baridi kikigusa vidole. Hata siku ya mtihani, nilipokwama kati ya die na der, mkono wangu wa kulia ulisogea mfukoni wenyewe, na jibu likaja.

Tangu siku hizo sikutafuta tena muda wa kusoma. Nilitafuta mahali ambapo mikono yangu ilikuwa na kazi tayari, nikaweka sentensi hapo. Nikiosha vyombo: der Löffel, die Gabel, das Messer. Kijiko, uma, kisu. Vitu vitatu na jinsia zote tatu za Kijerumani, kwenye karai moja. Na hapa niseme, Mswahili anayelalamika kuhusu jinsia za Kijerumani anajidharau. Sisi tunasema kijiko kimepotea, uma umepotea, visu vimepotea, bila kufikiri hata chembe, na hakuna aliyetukaririsha jedwali la ngeli tukiwa wadogo. Tulivisikia vitu pamoja na maneno yake, basi. Ukijifunza Löffel bila der yake umejifunza nusu ya neno.

Kadi za msamiati ninazo pia, ila siyo rundo moja la kupitia lote kila siku. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kumbukumbu na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba usahaulifu huja kwa kasi mwanzoni kisha hupungua. Ndiyo maana nafuata njia ya visanduku aliyoieleza Sebastian Leitner mwaka 1972: kadi uliyoipatia inasogea kwenye sanduku linalofunguliwa mara chache zaidi, uliyoikosa inarudi sanduku la kwanza. Visanduku vyangu ni maboksi ya viatu niliyoyagawa kwa kadibodi. Sijatumia hata bei ya kitabu kimoja cha sarufi. La kwanza liko kando ya jiko, nalipitia maji yanapochemka.

Kwa upande wa kusikiliza nina mbinu ninayoipenda kuliko zote. Deutsche Welle wana taarifa ya habari ya Kijerumani inayosomwa polepole, na maandishi yake yapo. Nilipoisikiliza moja kwa moja niliambulia majina ya marais tu. Basi nikaanza na habari za siku hiyo kwa Kiswahili kwanza, ndipo nikaingia kwenye Kijerumani. Sasa kisa nilikuwa nakijua. Kazi ya masikio ilikuwa kutambua maneno, siyo kubahatisha nani kafanya nini. Ndani ya miezi michache nikawa nashika sentensi nzimanzima.

Lakini pigo lililonifunza zaidi lilitoka kwenye saa. Nilikuwa na mwenzangu wa mazungumzo, dada mmoja Mjerumani anayejifunza Kiswahili; nusu ya muda lugha yake, nusu lugha yangu. Akaniandikia tukutane um halb drei. Halb ni nusu, drei ni tatu. Nilishajizoeza kwamba tatu yao ya mchana ni saa tisa yetu, nikapiga hesabu kwa uhakika kabisa: saa tisa na nusu. Nilifika nimejiandaa, maswali kumi nimeyaandika kwenye daftari, meza haina mtu. Kumbe halb drei ni nusu ya kuielekea tatu, yaani saa nane na nusu. Alikuwa amenisubiri karibu saa nzima. Iliniuma sana, kwa sababu muda wa mtu ndicho kitu pekee alichokuwa ananipa. Nilipomwomba radhi akaniambia kwamba mwezi uliotangulia yeye aliambiwa “saa mbili”, akafika saa nane mchana.

Jioni ile ile nilibandika kikaratasi chini ya saa ya ukutani: Wie spät ist es? Saa ngapi? Sharti lake ni kwamba mshale mrefu ukielekea chini, nataja saa inayokuja, siyo iliyopita. Niliitaja mara nyingi mpaka watu wa nyumbani wakawa wanajibu kabla yangu.

Wiki mbili baadaye ukaja ujumbe mwingine: um halb acht, nusu ya kuielekea nane yao, yaani saa moja na nusu yetu. Sikupiga hesabu wala sikuuliza mtu. Saa moja na robo jioni nilikuwa nimeshakaa, daftari liko wazi, kiti cha pili kitupu. Aliingia, akatazama saa, akanitazama mimi, akacheka: Du bist schon da! Sikuwa nimewahi kuiandika schon kwenye kadi yoyote, lakini niliielewa papo hapo, kwa sababu ni ile -mesha- yetu yenyewe. Umeshafika.