Siku yangu na lori la kubeba haidrojeni ambalo bado halijaingia barabarani

Saa 12 asubuhi. Upepo wa Dodoma na vumbi lake, chai, chapati, daladala. Kazi yangu ni kupiga hesabu ya nishati, na wiki hii swali ni moja, ukitoa haidrojeni, gesi inayotumika kama nishati, Dar ukaileta huku kwa lori la dizeli inakula mafuta kiasi gani na inatoa hewa ukaa kiasi gani.

Saa 2. Nafungua modeli. Mitungi ya chuma yenye presha ya bar 200, semitrela nzima inabeba kama kilo 350 za gesi basi, wakati gari lote na mzigo ni karibu tani 40. Yani gesi yenyewe haifiki hata asilimia 1 ya uzito, kinachosafirishwa hapo ni chuma.

Saa 4 nampigia mzee mmoja dereva wa tenka la mafuta, kapumzika Kibaigwa, njiani kuja Dodoma. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, leo unataka nini tena? Namuuliza kurudi tupu kukoje, akasema nikishashusha mzigo gari jepesi kabisa, ulaji unashuka sana, ila kupandisha Gairo umejaza ndo utaona. Sasa hapo ndo kwenye kiini, maana lori la haidrojeni likishusha halipungui chochote cha maana, mitungi inarudi na uzito ule ule, na ndani kuna gesi inabaki sababu presha haishuki mpaka sifuri. Kwa hiyo mtu akikuletea hesabu ya km 450 za Dar mpaka Dodoma mkatalie, ni km 900.

Saa 6 mpaka saa 8 nimezama humo tu. Nimekadiria lita 38 kwa km 100, inakuja kama lita 340 za dizeli kwenda na kurudi. Lita moja inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, jumla kilo 920 hivi, gawa kwa 350 unapata kilo 2.6 za hewa ukaa kwa kila kilo ya haidrojeni!! Ulaya ili waiite ya kaboni ndogo kikomo ni kama kilo 3.4 kwa kila kilo, toka inapotengenezwa mpaka inapotumika, lori peke yake limeshamaliza robo tatu. Na nishati ya hiyo dizeli ni karibu asilimia 29 ya nishati iliyomo kwenye mzigo. Inaniuma kwa kweli, watu wanaita safi kitu kilichokuja na moshi wote huo.

Saa 8 ugali, haraka haraka.

Saa 9 najaribu haidrojeni ya kimiminika. Tenki linabeba tani 3 na nusu hivi, hewa ukaa ya barabarani inashuka mpaka kilo 0.26 kwa kila kilo, safi, ila kuipoza mpaka nyuzi -253 kunakula umeme wa kWh 10 na zaidi kwa kilo wakati kilo yenyewe ina kWh 33, na gridi yetu bado ina mitambo ya gesi asilia humo.

Saa 11. Mi naona bora kuitengenezea hapa hapa, kwa kupasua maji kwa umeme, umeme unakuja kwa waya hauhitaji mitungi. Shida ni maji, kila kilo inataka lita 9 kabla hujahesabu ya kupoozea na yanayopotea kwenye kuchuja, na Dodoma tunategemea visima vya Mzakwe. Kesho naanza na hayo maji, nione kama maji taka yaliyosafishwa yanaweza kutosha tusiguse ya wananchi.